Serikali Nayo na Ipige Hodi

Ndugu zetu, liko jambo ambalo watu siku hizi hulizungumza kwa sauti ya chini, tena kabla ya kulizungumza huziacha simu zao chumba cha pili. Nalo ni hili: je, serikali ina haki ya kujua kila kitu cha kila mtu, kwa sababu inatulinda? Wako wanaojibu ndiyo, upesi upesi. Wako wanaojibu hapana, upesi vilevile. Sisi twaona wote wamejibu kabla ya kufikiri.

Tuanze na waliokufa, maana wao ndio wenye haki ya kwanza katika shauri hili. Tarehe 7 Agosti 1998, asubuhi, gari lililojaa baruti lilipasuka penye ubalozi wa Marekani katikati ya Nairobi. Watu 213 walikufa, na walio wengi walikuwa watu wetu: makarani, wachuuzi, abiria waliokuwa wakipita njia. Dakika chache tu baadaye ikawa hivyo hivyo Dar es Salaam, wakafa 11. Tarehe 21 Septemba 2013 watu wenye bunduki waliingia Westgate, duka kubwa la Nairobi, wakaua 67. Alfajiri ya 2 Aprili 2015 waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, wakaua 148, karibu wote wanafunzi. Tarehe 15 Januari 2019 wakaja katika hoteli ya Dusit, wakaua 21. Mtu akitujia kudai haki ya siri zake, naye hana neno la kusema juu ya makaburi haya, atatuwia radhi, hatutamsikiliza hadi mwisho.

Tena twajua kwamba silaha za wauaji wa leo si bunduki peke yake. Simu ni silaha yao. Fedha zinazotumwa kwa simu ni silaha yao. Kitambulisho cha uongo ni silaha yao. Mtu mmoja chumbani anaweza kujifunza kutoka katika kompyuta mambo ambayo zamani yalihitaji kambi nzima ya jeshi. Basi sisi si miongoni mwa wale wanaotaka askari awafuate watu wa namna hiyo kwa filimbi na rungu. Serikali lazima iwe na masikio. Ugomvi wetu ni juu ya mlango ambao masikio hayo huingilia.

Katika nchi zetu hizi, toka Lamu hadi Kisumu, mtu haingii nyumba ya mwenziwe bila kupiga hodi. Hupiga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Asipojibiwa hurudi zake, hata kama amekuja kudai deni. Wala hodi haikuwekwa kwa sababu ya wezi, maana mwizi hapigi hodi. Iliwekwa kwa ajili ya watu wema, ili mwenye nyumba ajifunge vizuri kanga yake, anyamazishe ugomvi wake na mkewe, aondoe jirani mkebe mtupu wa unga asije mgeni akauona. Na askari naye alikuwa chini ya desturi hii. Akitaka kupekua nyumba yako alikuja na karatasi ya hakimu, akasimama mlangoni, ukamwona uso, ukasoma namba iliyo begani mwake.

Leo anayetaka kukupekua hana haja ya mlango. Simu iliyo mfukoni mwako yajua ulilala wapi, umempigia nani, umeongea kwa dakika ngapi, mama yako umempelekea shilingi ngapi, na daktari amekuandikia dawa gani. Anayesoma hayo hakupigi hodi, wala akitoka hafungi mlango kwa kishindo ukamsikia. Waweza kuishi miaka kumi ukisomwa, usijue.

Huambiwa, asiye na hatia haogopi. Maneno haya tumeyasikia sana, hasa yakitoka kwa watu wenye geti refu na mbwa wawili. Sisi twajibu kwamba mtu anapokwenda chooni hufunga mlango, wala si kwa sababu amekwenda kuiba. Na Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 31, inasema wazi kwamba mtu asipekuliwe mwili wake, wala nyumba yake, wala mali yake, wala mawasiliano yake yasiingiliwe, wala habari za nyumba yake zisitakwe bila sababu. Ndugu zetu wa Tanzania wanayo maneno ya namna hiyo katika ibara ya 16 ya Katiba yao. Basi faragha si mtindo ulioletwa na vijana wa mjini.

Lakini wananchi wana sababu nyingine ya kuogopa, iliyo ya zamani zaidi kuliko katiba yoyote. Sababu hiyo ni kwamba tumeandikwa kabla ya leo.

Sheria ya kuwaandikisha Waafrika wa Kenya ilipitishwa 1915, ikaanza kazi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika aliyepita miaka 16 alitiwa alama za vidole, akapewa karatasi yenye jina lake, kabila lake, bwana wake wa kazi, mshahara wake, siku aliyoanza kazi na siku aliyoachishwa. Karatasi hiyo ilitiwa katika kikasha cha bati, kikafungwa kamba, kikavaliwa shingoni. Wakikuyu wakakiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Bwana asipotia sahihi siku ya kuondoka, mtu alihesabiwa ametoroka kazini, na kutoroka kulikuwa kosa la kumpeleka jela. Askari yeyote aliweza kumsimamisha mtu njiani na kusema, toa kipande. Tena wakubwa wa siku zile walisema kipande ni kwa faida ya Mwafrika mwenyewe. Wazee wetu hawakukubali. Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922, kipande kikiwa miongoni mwa mambo aliyoyapinga, watu walikusanyika penye kituo cha polisi cha Nairobi kumdai. Tarehe 16 Machi walipigwa risasi. Serikali yenyewe ilihesabu maiti 21, na mmoja wao alikuwa mama Muthoni Nyanjiru.

Hapa tunataka msomaji atazame jambo moja ambalo husahauliwa. Baada ya Vita ya Pili, mwaka 1947, serikali iliondoa kipande ikaleta sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote, Wazungu nao watie vidole. Walowezi walipiga kelele kubwa. Walisema kutia vidole ni kufanywa wahalifu! Kilichokuwa faida kwa Mwafrika kwa zaidi ya miaka 25 kikawa ghafla tusi kwa mlowezi, na mwisho ikabidi itafutwe njia ili wanaojua kujaza fomu kwa Kiingereza waweke picha na sahihi badala ya vidole. Hatusemi haya kufukua chuki za zamani. Twasema kwa sababu tabia hiyo haikuondoka na wale walowezi. Mwenye kushika daftari hapendi yeye kuandikwa.

Kisha ikaja Hali ya Hatari. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya Waingereza yaliuzingira mji wa Nairobi, nyumba kwa nyumba, wakawatoa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Watu zaidi ya 20,000 wakapelekwa vizuizini, Langata, Manyani na Mackinnon Road. Na namna ya kuchagua wazee wetu waijua. Watu walipitishwa mmoja mmoja mbele ya mtu aliyevikwa gunia mwili mzima, limetobolewa matundu mawili ya macho. Jina lake lilikuwa gakunia. Hakusema neno. Akitikisa kichwa namna hii, mtu aliachwa. Akitikisa namna ile, alipandishwa lori. Ni nani aliyekuwa ndani ya gunia? Jirani? Mtu uliyemnyima deni? Shemeji? Hukuweza kumwuliza, maana hukumwona. Wako waliokaa kizuizini miaka kwa ajili ya kichwa kile kilichotikisika mara moja, na mpaka walipokufa hawakupata kujua kosa lao.

Twalisimulia hili kwa kirefu kwa kuwa gunia limerudi, safari hii limeshonwa kwa chuma na vioo.

Baada ya Westgate, mwaka 2014, serikali ya Kenya ilifanya mkataba wa karibu shilingi bilioni 15 kuweka kamera na mitambo ya mawasiliano ya polisi katika Nairobi na Mombasa. Kamera ya barabarani ni kitu kizuri gari likigonga mtu likakimbia, nasi hatuilaumu. Lakini mashine za siku hizi hazitazami tu. Hulinganisha uso wa mpita njia na nyuso zilizohifadhiwa, kisha hutikisa kichwa: ni huyu. Wengi hudhani mashine haina chuki, kwa hiyo haiwezi kukosea. Na tutazame huko zilikoanza. Mwaka 2018 wachunguzi wa chuo cha MIT, Marekani, walizijaribu mashine tatu zilizokuwa zikiuzwa, wakaziuliza jambo jepesi kabisa: huyu ni mwanamume au mwanamke? Kwa wanaume weupe zilikosea chini ya mara 1 katika 100. Kwa wanawake weusi, moja yao ilikosea karibu mara 35 katika 100. Januari 2020, karibu na mji wa Detroit, baba mmoja mweusi alikamatwa nje ya nyumba yake mbele ya mkewe na binti zake wadogo, akakaa rumande usiku kucha, kwa kuwa mashine ililinganisha picha ya leseni yake ya gari na picha ya mtu aliyeiba saa dukani. Hakuwa yeye. Ilimbidi kwenda mahakamani, na mwaka 2024 polisi wa mji huo walikubali kwamba hawatamkamata tena mtu kwa neno la mashine peke yake.

Detroit ina mawakili wengi na magazeti mengi, na hata hivyo ilichukua miaka minne. Twauliza, mama wa Majengo au kijana wa Eastleigh akinyoshewa kidole na mashine kama hiyo, atakwenda kwa nani? Mashine haipandishwi kizimbani. Aliyeinunua atasema yeye si fundi. Fundi yuko ng'ambo. Na askari atasema yeye alitii tu kile kioo kilichosema.

Turudi kwenye madaftari, maana hapo ndipo serikali za Uhuru zenyewe zimejaribiwa. Mwaka 2018 Bunge la Kenya lilipitisha mabadiliko ya sheria yaliyoleta daftari moja la nchi nzima, watu wakaliita Huduma Namba. Katika ile sheria mlikuwamo ruhusa ya kuchukua si vidole tu, bali mboni za macho, umbo la sikio, mawimbi ya sauti, vinasaba vya mwili, na mahali hasa nyumba ya mtu ilipo kwa kipimo cha setilaiti. Sikio! Hata bwana wa kipande hakuwahi kupima masikio. Kuandikishwa kukafanywa mwaka 2019, na wakati huo nchi ilikuwa haina hata sheria ya kulinda habari za watu. Sheria hiyo ilikuja Novemba mwaka ule ule, watu wakiwa wamekwisha kutoa vidole vyao. Ni kama kuita watu waweke fedha benki, kisha ndipo umtafute fundi wa kutengeneza sefu.

Waliokwenda mahakamani kwanza hawakuwa matajiri. Walikuwamo Wanubi wa Kibera, watu walioletwa na jeshi la Waingereza zaidi ya miaka mia iliyopita, ambao kwa muda mrefu wamekuwa wakihojiwa mara mbilimbili kabla ya kupewa kitambulisho ambacho wengine hukipata kwa siku chache. Wao walijua kwamba daftari jipya linalojengwa juu ya daftari la zamani hurithi dhuluma zake. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kwamba vinasaba na vipimo vya mahali nyumba ilipo visichukuliwe, na daftari lisiendelee mpaka kuwe na kanuni kamili za kulilinda. Oktoba 2021 mahakama ikasema tena kwamba kadi zimetolewa kinyume cha sheria, kwa sababu hatari zake kwa wananchi hazikupimwa kwanza. Serikali ikabadilisha jina, ikaja na Maisha Namba. Jina zuri. Lakini hatukuwa tumelalamika juu ya jina.

Ajuaye ubaya wa daftari lisilosamehe na aende Garissa. Katika miaka ya njaa na ukame, Wakenya wengi wa huko waliona kwamba aliyehesabiwa mkimbizi Dadaab alipata chakula na matibabu, na raia hakupata. Wazazi wakawapeleka watoto, wakatia vidole katika daftari la wakimbizi ili wale. Watoto wakakua. Walipofika miaka 18 wakaenda kuomba kitambulisho cha nchi yao, mashine ikatikisa kichwa: wewe ni mkimbizi. Maelfu walikwama hivyo kwa miaka, hawana laini ya simu kwa jina lao, hawana kazi, hawapiti vizuizi vya barabarani. Kosa lao ni bakuli la uji walilokula wakiwa watoto. Mzee wa kijiji angalisema, huyu namjua, ni mwana wa fulani. Mashine haimjui mwana wa fulani, inajua kidole.

Kuna jambo baya zaidi, nasi tutalitaja kwa ufupi kwa kuwa halihitaji maneno mengi. Wabelgiji waliwaandika Wanyarwanda katika miaka ya 1930 na kuwapa vitambulisho vilivyotaja kila mtu ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Karani aliyeandika hakuwa na panga. Mwaka 1994 penye vizuizi vya barabarani karatasi ile ndiyo iliyosema nani apite na nani afe. Kila anayeleta daftari kwetu hutuambia juu ya wema wake yeye. Hatuna shaka na wema wake. Twauliza juu ya yule atakayeketi kitini pake baadaye, ambaye hata yeye mwenyewe hamjui.

Sasa tuwajibu wanaosema: haya yote ni kweli, lakini afadhali usumbufu kuliko mauti. Tungekubali, kama ingekuwa kweli kwamba kuwachungulia watu wote ndiko kunakowazuia wauaji. Aprili 2014 serikali iliwakamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, ikawajaza katika uwanja wa Kasarani ili wachujwe. Mwaka haukutimia vizuri, Garissa ikatokea. Na Garissa yenyewe, tukitazama bila hasira, itatufundisha mengi. Mmoja wa wauaji alikuwa Mkenya, kijana aliyesoma sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Nani alitoa habari zake mapema? Si kamera wala daftari. Ni baba yake, chifu katika Mandera, aliyekwenda kwa serikali kusema mwanangu amepotea, nami nina hofu amekwenda Somalia. Habari ilikuwapo. Siku ya shambulio, kikosi maalum kilichopaswa kuokoa wanafunzi kilitoka Nairobi kikafika baada ya saa nyingi, wakati watoto wakiuawa chumba kwa chumba. Je, pale palikosekana masikio? Palikosekana miguu.

Na fikirini juu ya baba yule. Kumpeleka jina la mwanao kwa polisi si jambo dogo. Mtu hulifanya akiamini kwamba mwanawe atatafutwa kwa haki, hatatupwa mtoni. Baba wa namna hiyo ana thamani kuliko kamera elfu, na mzazi anayeona jirani zake wakizolewa usiku bila kosa hatakwenda tena kituoni kusema neno. Basi anayevunja nyumba za watu kwa jina la usalama anauziba mdomo ule ambao usalama unautegemea.

Linganisheni na shauri la Dusit. Huko wapelelezi walifuata simu, gari, nyumba iliyopangwa na fedha zilizotumwa, jina baada ya jina, na Juni 2025 Mahakama Kuu iliwafunga watu wawili miaka 30 kila mmoja kwa kuwasaidia wauaji. Mashtaka yalisomwa, ushahidi ukatolewa mchana, mawakili wakauliza maswali. Tena miongoni mwa mambo yaliyotajwa mlikuwamo fedha zilizotumwa na vitambulisho vya uongo. Ndiyo kusema hata daftari lenye vidole vya watu wote halifai kitu ikiwa karani mmoja ana mkono mwepesi wa kupokea.

Kwa hiyo hatusemi simu isisomwe kamwe. Twasema isomwe ya mtu mwenye jina, kwa sababu iliyoandikwa, mbele ya jaji, kwa muda uliotajwa. Wala hatuombi sheria ya mbinguni. Imo katika vitabu. Sheria ya Kuzuia Ugaidi na ile ya Idara ya Ujasusi, zote za 2012, zinataka amri ya Mahakama Kuu kabla ya kusikiliza mazungumzo ya mtu. Shida yetu ni kwamba mwananchi hana njia ya kujua kama amri hizo huombwa. Kati ya Juni na Disemba 2024, baada ya maandamano ya vijana juu ya kodi, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 82 waliotekwa, na 29 kati yao walikuwa bado hawajaonekana. Wengi walichukuliwa na watu wasiovaa sare, katika magari yasiyojulikana. Watekaji walijuaje mtu amelala wapi usiku ule? Hatumnyoshei kidole yeyote bila ushahidi. Ndilo kosa tunalolipinga. Lakini swali hilo limeulizwa na mama wengi, nao wanastahili jibu lenye sahihi ya mtu.

Twataka kila mwaka Bunge lisomewe hadharani: amri ngapi ziliombwa, majaji walikataa ngapi, simu za watu wangapi zilifunguliwa, mashtaka mangapi yalitokana nazo. Kampuni za simu nazo ziseme zimeombwa habari mara ngapi na zimetoa mara ngapi bila karatasi ya jaji. Hakuna gaidi atakayefaidika kwa kusikia tarakimu hizo. Aliyesomwa na asionekane na kosa aambiwe baadaye, hata kama ni baada ya mwaka, ili aweze kudai haki yake. Na askari au karani anayeuza habari za mtu kwa mkopeshaji fedha au kwa mume mwenye wivu afungwe kama mwizi wa silaha. Kuhusu mashine za nyuso, mtu asikamatwe kwa neno lake peke yake. Atafutwe shahidi mwenye uso na jina.

Yako makundi mengine yasiyo ya serikali ambayo nayo hutunyang'anya, tena kwa bei ya chini. Mwaka 2023 Wakenya walipanga foleni ndefu Nairobi kupigwa picha za mboni za macho na kampuni ya Worldcoin, wapate kitu cha thamani ya shilingi kama 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti mwaka ule, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru habari zile zifutwe. Msiwacheke waliopanga foleni. Walikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa.

Mwisho, hatutakuwa waungwana tukinyosha kidole kwa wengine tukaacha nyumba yetu. Juni 2021 Wakenya walipopewa njia ya kutazama kwenye kompyuta ni wanachama wa chama gani, wengi walijikuta wameandikwa katika vyama wasivyovijua hata kwa jina. Namba zao za kitambulisho zilikuwa zimechotwa mahali fulani, na wengi wakavitupia jicho vitabu vya wageni vilivyo penye mageti ya majumba, au vya wakala wa kutuma fedha. Vyama vilifanya hivyo. Sisi hatuwezi kuidai serikali ipige hodi nasi tunaingia dirishani.

Kwa hiyo makatibu wa matawi wote wafanye yafuatayo kabla ya kikao cha mwezi ujao. Daftari la wanachama litiwe katika sanduku lenye kufuli, ufunguo ukae kwa katibu na mtunza hazina. Orodha za majina na namba za simu zisipelekwe tena katika makundi ya WhatsApp, kama ilivyofanywa na matawi kadhaa wakati wa kutafuta wasimamizi wa uchaguzi. Kila mwanachama aonyeshwe ukurasa wake, na yeyote asemaye sikujiandikisha mimi, jina lake lifutwe mbele yake, apewe karatasi ya kuonyesha kwamba limefutwa. Mkutano wa kata ukiisha, katibu alete makao makuu hesabu ya waliofutwa, nasi tutaichapa katika ukurasa huu huu.